Nyimbo Tulizoziita za Dunia

Waumini wa rika langu tulifundishwa kugawa nyimbo mafungu mawili. Kulikuwa na nyimbo za Mungu, zile zilizomo katika Tenzi za Rohoni na vitabu vya kwaya, na kulikuwa na nyimbo za dunia, yaani nyingine zote. Mtu akiokoka, moja ya matunda ya kwanza tuliyoyatazamia kwake ni kuacha nyimbo za dunia, kama anavyoacha pombe. Mimi niliokoka mwaka 1995 katika mkutano wa Injili kwenye viwanja vya Jangwani, hatua chache kutoka nyumba tuliyokuwa tumepanga. Wiki ile ile nilibeba boksi la kanda za kaseti, nikashuka nalo hadi Mto Msimbazi, nikazitupa majini moja baada ya nyingine. Zilikuwa kanda 41. Nilizihesabu kwa sababu nilitaka kuzitolea ushuhuda. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele, nikataja idadi, na kanisa likapiga makofi.

Kanda zile hazikuwa zangu. Zilikuwa za kaka yangu, aliyefariki miaka miwili kabla.

Siandiki haya kwa kujutia wokovu. Naandika kwa sababu sasa ni mzee wa kanisa, vijana wananiuliza kuhusu muziki, nami nimechoka kuwapa jibu nililopewa mimi. Nataka nieleze habari za bendi moja iliyokuwa na kanda nyingi kuliko zote katika lile boksi, Super Matimila ya Remmy Ongala: nyimbo zake zilisema nini, zilisemwa wakati gani, na sisi watu wa kanisa tulikuwa wapi zilipokuwa zikisemwa.

Anayeijua Kariakoo ya leo, ya vitenge na simu, huenda asijue kwamba ilikuwa pia mji wa bendi. Jina lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu waliokuja kujenga baadaye walitoka kila upande, na walipokosa ngoma za kwao walitafuta ngoma ya pamoja. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Zikafuata nyingine nyingi, mpaka NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na Mlimani Park mwaka 1978, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam ikawa DDC Mlimani Park, Sikinde, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa kama nyumbani kwake. Marijani Rajab alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Muziki ule haukuwa wa kucheza tu. Ukisoma majina ya nyimbo utadhani unasoma ratiba ya baraza la usuluhishi: Ukewenza, Rosa Nenda Shule, Mtoto Akililia Wembe, Pesa Sabuni ya Roho. Watu walikwenda dansini kucheza, wakarudi nyumbani wakibishana nani alikuwa na makosa katika wimbo.

Kaka yangu alikuwa kijana wa kurekodi kanda katika kibanda kimoja hapo Kariakoo. Wateja walileta kanda tupu, wakataja nyimbo wanazotaka, naye akawarekodia kutoka kanda zake, nyingi zikiwa zimenaswa redioni. Wakati ule Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zilirekodi katika studio zake. Kwa kweli kazi ya kaka ilikuwa wizi, ingawa hatukuiita hivyo. Wanamuziki hawakupata hata senti moja kutoka kibanda kile, na sheria ya hakimiliki tunayoijua sasa ilipitishwa mwaka 1999. Naliandika hili ili msidhani namchora mtakatifu.

Sasa Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, na kwamba yeye alizaliwa na meno mawili tayari, ikaonekana ni mtoto wa ajabu. Mganga akaagiza asinyolewe nywele. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Samsoni hapo, na mama yake aliyeambiwa wembe usipite kichwani mwa mtoto. Akabaki yatima angali kijana, akazunguka na gitaa lake Kongo na Uganda, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kwa mjomba wake aliyeongoza Orchestra Makassy. Miaka michache baadaye akawa Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha mkoani Ruvuma, na hapo ndipo sauti yake ilipofahamika. Alifuga rasta ndefu, akajiita mbaya wa sura bila haya, na watu wakamwita Dokta. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Uingereza kwenye tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 kampuni ya Peter Gabriel, Real World, ikatoa albamu yake waliyoiita Songs for the Poor Man, yaani nyimbo kwa ajili ya maskini. Jina hilo hawakulibuni Wazungu. Ndivyo alivyokuwa akijieleza mwenyewe hapa kwetu, kwamba anawaimbia wanyonge.

Ndani ya nyimbo zake mnyonge ndiye mwenye kusema. Katika Mnyonge Hana Haki anayeimba hajifanyi wakili wa maskini. Ni maskini mwenyewe, anayejua kwamba hata akiwa na ukweli mkononi atashindwa mbele ya mwenye nguvu. Kwa mtu wa Jangwani hayo hayakuhitaji tafsiri. Sisi tulikaa bondeni kwa kuwa bondeni ndiko kodi ilikokuwa nafuu. Maji yakija, wa kwanza kulowa ni sisi, na wa kwanza kulaumiwa kwa kukaa bondeni ni sisi. Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinamwagiza mfalme afumbue kinywa chake kwa ajili ya wasio na msemaji. Nimelisikia fungu hilo likihubiriwa mara nyingi sana, karibu mara zote katika ibada ya wanawake, kwa sababu wahubiri huanzia mstari wa 10, penye mke mwema. Mstari wa 8 hurukwa.

Katika Ndumila Kuwili aliwasema wanafiki kwa jina la yule nyoka anayedhaniwa ana vichwa viwili. Nao ule wimbo wake unaouliza muziki asili yake ni wapi ulikuwa swali kwa kila aliyemwita mwanamuziki mhuni, na kwa upande wetu hatukulijibu. Tungelijibu vipi? Magitaa ya kwaya zetu yalikuwa ya umeme kama ya Matimila, na mpiga solo wetu, sote tulijua alikojifunzia.

Lakini wimbo ninaotaka kukaa nao ni Kifo.

Humo Remmy anakisemesha kifo kana kwamba kimeketi mbele yake. Anakiuliza, anakilaumu, anakishitaki kwamba hakina huruma. Hakuna faraja mwishoni. Tulipokuwa na matanga mtaani, turubai likafungwa kati ya nyumba na nyumba, majirani walizima redio zao kwa heshima. Ndivyo adabu ilivyotaka. Kaka alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeligundua. Wimbo huo, kama ungesikika kwa mbali kutoka barabarani, akina mama waliokaa mkekani hawakulalamika. Wengine walinyamaza wausikilize.

Kwa nini wasilalamike? Kwa sababu katika matanga yetu wenyewe ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kusema maneno yale. Mchungaji au mwinjilisti alisimama, akasoma Ayubu sura ya 1, pale anaposema kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, tukaitikia amina, tukaimba. Maneno hayo ni ya kweli, nami nimeyasoma makaburini kwa kinywa changu. Ila Ayubu hakuishia sura ya 1. Sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, na toka hapo analalamika, anauliza, anamdai Mungu hesabu, sura baada ya sura, mpaka rafiki zake wanachoka naye. Na mwisho wa kitabu Mungu anasema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa, si wale rafiki waliokuwa na majibu mazuri. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shukrani. Mtume Paulo naye, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, anayageukia mauti na kuyasemesha, akiyauliza ushindi wake uko wapi. Paulo anauliza akiwa na jibu. Remmy aliuliza akiwa hana. Lakini anayeuliza akiwa hana jibu ndiye aliyekuwa mkekani pamoja na mama zetu.

Na vifo vilikuwa vingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Huko Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuja na wafanyabiashara wa magendo. Hapa Dar es Salaam vijana walizichukua herufi za jina lake la Kiingereza wakazitafsiri kwa mzaha: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Ulikuwa mzaha wa watu walioogopa. Redioni ulitajwa kwa tahadhari, kanisani kwa mafumbo. Tulisema "ugonjwa huu wa siku hizi".

Mwaka 1990 Remmy akatoa Mambo kwa Soksi. Soksi ni kondomu. Kila mtu alielewa, hata watoto. Aliwaambia wanaume, kwa lugha ya kijiweni, kwamba bila hiyo wasifanye mambo. Redio ya taifa haikuupiga wimbo huo. Ukatembea kwa kanda, na hapo Kariakoo watu walipanga foleni kuurekodi. Kaka aliniambia kuna siku alirekodi wimbo huo peke yake asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba kinasa sauti kilipata moto akakiwekea kitambaa kibichi.

Kanisani ulihubiriwa vikali. Nakumbuka hoja, na sizidharau: kwamba wimbo unawapa vijana ruhusa, kwamba kinga ya Mkristo ni uaminifu, kwamba mambo ya faragha hayaimbwi mbele ya watoto. Mimi mwenyewe hadi leo nafundisha vijana wetu kungoja ndoa, na siwezi kuwafundisha vinginevyo. Lakini nikitazama nyuma naona kwamba mahubiri yetu yaliwalenga wale ambao hawajaanguka. Wimbo wa Remmy uliwalenga walioanguka, na ambao kesho wataanguka tena, akitaka wawe hai keshokutwa. Si jambo lile lile, na si lazima moja lifute jingine. Hatukuliona hilo. Wapo walioliona mapema: mwaka 1989 shirika la WAMATA lilianza kuwahudumia wagonjwa na familia zao, na mwaka 1992 Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likaanzisha PASADA kwa kazi hiyo hiyo. Kusanyiko tulilosali sisi wakati ule, ambalo silitaji, halikuwa na kitu.

Kaka alianza kuugua mwaka 1992. Kwanza kikohozi, tukasema kifua. Halafu akakonda, mtaa ukasema karogwa, shangazi akataka apelekwe kwa mganga. Mama hakutaka. Alimlaza chumbani mwake, yeye akahamia ukumbini, akawa anamwogesha asubuhi kabla ya kwenda kuuza mihogo. Redio kaseti iliwekwa kwenye kigoda karibu na kichwa chake. Betri zikiisha tuliziweka juani zipate nguvu kidogo.

Ningependa kusimulia kwamba ule wimbo wa soksi uliwaokoa wengi. Pengine uliwaokoa. Kaka yangu aliurekodi mara nyingi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na haukumwokoa. Huenda alikwisha ambukizwa kabla haujatoka. Huenda alikuwa anaucheka tu kama wengine. Siku moja nilimuuliza kwa hasira, kwa nini anaendelea kumsikiliza mtu huyo. Akajibu polepole, maana pumzi ilikuwa shida: "Huyu ananisema bila kunitukana."

Alifariki mwaka 1993. Aliyeongoza mazishi alizungumza juu ya mshahara wa dhambi mbele ya mama. Hakutaja ugonjwa, lakini hakuacha mtu yeyote asielewe. Mama alikaa ameinamisha kichwa. Baada ya hapo hakukanyaga kanisani miaka mitatu, na mimi, niliyeokoka katikati ya miaka hiyo, nilidhani moyo wake umekuwa mgumu. Niliomba kwa kufunga ili alainike. Kisha nikachukua boksi la mwanawe nikalipeleka mtoni.

Aliporudi kutoka kuuza mihogo aliliona kabati liko wazi. Kwenye kila kanda kulikuwa na mwandiko wa kaka: majina ya nyimbo, tarehe, na michoro midogo ya gitaa ambayo alipenda kuichora pembeni. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Zote?"

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Remmy alipigwa na kiharusi. Baadaye ikasikika kwamba ameokoka, ameacha muziki wa dansi, anaimba nyimbo za Injili. Akakata na zile rasta. Hakuwa wa kwanza. Cosmas Chidumule, aliyeimba Neema katika Mlimani Park, naye aliiacha Sikinde akawa mwimbaji wa Injili, na tulikuwa tukisema kwa furaha kwamba sasa ameijua neema yenyewe. Kwa Remmy shangwe ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno makubwa. Tulimpokea kama yule mwana aliyerudi kutoka nchi ya mbali.

Mwenyewe alisema amegeuka, na ushuhuda wa mtu ni wake. Sina ruhusa ya kuupunguza. Lakini yule mwana wa Luka 15 alirudi mikono mitupu, na Remmy hakuja mikono mitupu. Alikuwa amekaa zaidi ya miaka 20 na wagonjwa, wafiwa na walioonewa, akisema nao kwa lugha yao, wakati sisi tulikuwa tukihesabu kanda. Tungeweza kumuuliza amejifunza nini huko. Sisi tulimuuliza ameacha nini.

Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, nyumbani kwake Sinza. Hadi leo ukipanda daladala za huko, kituo kinaitwa Kwa Remmy, na konda wa miaka 20, ambaye hajui hata wimbo mmoja, analitaja jina hilo mara nyingi kwa siku kuliko sisi tuliomfahamu.

Habari za kifo chake tulizisikia redioni, mimi na mama, tukinywa chai. Alikwisha rudi kanisani siku nyingi, katika kusanyiko lingine, ambako mchungaji mmoja kijana alimtembelea nyumbani mara sita kabla ya kumkaribisha ibadani. Alisikiliza taarifa mpaka mwisho, kisha akasema, "Ule wimbo wa kaka yako wa kifo. Unapatikana bado?"

Nilikwenda Kariakoo mchana ule ule. Vibanda vya kanda havikuwapo tena, lakini mtaa haukosi mtu wa kukurekodia: kijana mwenye kompyuta aliniwekea kwenye flashi kwa shilingi 1,000, akaniongezea nyimbo nyingine za Remmy bure, kwa msiba, akasema. Usiku nikamwekea mama. Nilikuwa naona aibu, mzee wa kanisa napiga muziki wa dansi nyumbani kwa mama yangu, nikafunga dirisha. Akasema nifungue, joto.

Magitaa yakaingia, kisha sauti. Mama akasikiliza ameegemea mkono. Wimbo ulipofika katikati alitikisa kichwa.

"Siyo huu," akasema. "Wa kaka yako ulikuwa unakatika hapa."

Nilikumbuka. Kanda ile ilikuwa na mkwaruzo, mahali ambapo ilinaswa na mashine na kaka akainyoosha kwa kalamu. Sauti ilizama kidogo, halafu ikarudi. Nikamwambia wimbo ni ule ule, mama, huu ni msafi tu.

Hakubisha. Aliniambia niurudishe mwanzo.